Chevelle SS 454 LS6 na Hemi 'Cuda za 1970: ipi ya kuendesha, ipi ya kuweka? (Uzi mrefu)

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Wiki hii, kwenye gereji ninayofanya kazi kaskazini ya Detroit, zimepanda lifti mbili za jirani gari mbili ambazo sijawahi kuziona chini ya paa moja tangu nianze kazi hii ya kufufua magari ya zamani. Moja ni Chevrolet Chevelle SS (yaani Super Sport) 454 ya 1970. Nyingine ni Plymouth Hemi 'Cuda ya mwaka huohuo; 'Cuda ni toleo la mbio la Barracuda. Chevelle ni ya mzee mstaafu ambaye ameishi nayo tangu 1974. 'Cuda ni ya mkusanyaji. Ililetwa ndani ya lori lililofunikwa, na itaondoka vilevile.

Tangu Jumatatu mafundi tumegawanyika pande mbili, na kila chai ya saa nne ni ubishi. Nimeona niulete huku, kwa sababu humu nimekutana na watu wengi wanaoyapenda magari haya kupitia picha na video tu, na hakuna aliyewaeleza kwa lugha yetu nini hasa kimo ndani yake.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anaingia: magari ya misuli ni yale ambayo Wamarekani walichukua bodi ya kawaida, ya bei ya mfanyakazi, wakaichomeka injini ambayo ilistahili gari kubwa zaidi. Wengi huhesabu kuanzia Pontiac GTO ya 1964. Mwaka 1970 ndio kilele. General Motors, wenye Chevrolet, walikuwa wamejiwekea mwiko kwamba gari la ukubwa wa kati lisizidi injini ya inchi za ujazo 400, yaani lita 6.6 hivi. Mwaka huo wakauondoa, na Chevrolet hawakusubiri kuambiwa mara mbili: wakaweka 454, lita 7.4, ndani ya Chevelle. Upande wa pili wa mji, Chrysler, wenye Plymouth, walikuwa na Hemi ya 426, lita 7, na bodi mpya kabisa ya Barracuda iliyochorwa kwa upana wa kutosha kuimeza.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili msinitafute baadaye. Kwa kuendesha, nachukua Chevelle. Kwa thamani, 'Cuda inaiacha mbali. Lakini zote mbili, bila karatasi, ni bati na chuma tu. Hilo la karatasi ndilo lililonifanya nifungue uzi, nitalifikia.


#2 Mwanzisha uzi

Nianze na injini, maana ndizo zilizowapa jina.

LS6 ni jina la toleo la juu la ile 454. Lipo la chini yake, LS5, lenye nguvu za farasi 360, na hapa ndipo wengi wanachanganyikiwa: si kila SS 454 ni LS6. LS6 ilitangazwa na kiwanda kuwa na farasi 450 kwenye mizunguko 5,600 kwa dakika, na nguvu ya msokoto ya futi-ratili 500 kwenye mizunguko 3,600. Hiyo 450 ndiyo namba kubwa kuliko zote zilizowahi kuandikwa kwenye karatasi za kiwanda enzi ile. Kompresheni, yaani kiasi injini inavyobana hewa na petroli kabla ya kuwasha, 11.25 kwa 1, pistoni na krenki za kufuliwa si za kusubu, kabureta moja kubwa ya Holley, na tapeti (vipande vinavyosukuma valvu zifunguke) ngumu. Tapeti ngumu maana yake kila baada ya muda unafungua kava, unapima nafasi ya valvu kwa fila geji, unarekebisha. Asiyefanya hivyo, injini itamwambia kwa sauti.

Hemi ni mnyama wa ukoo mwingine. Jina limetokana na umbo la chumba cha kuwakia mafuta: ni nusu tufe, kama bakuli lililofunikwa. Valvu ya kuingiza hewa iko upande mmoja, ya kutoa moshi upande wa pili, plagi katikati juu. Hewa inaingia huku inatokea kule bila kona. Kwa sababu hiyo hedi ni kubwa na nzito, na ukifungua boneti unakuta kava mbili pana kama masanduku, waya za plagi zikizama katikati yake. Mafundi wa hapa wanaiita tembo, na si kwa kuitukana.

Injini hii haikuzaliwa kwa ajili ya barabara. Ilitoka Februari 1964 kwa ajili ya mashindano ya Daytona 500, dereva Richard Petty akashinda nayo, na Plymouth wakachukua nafasi tatu za kwanza. NASCAR, wasimamizi wa mashindano hayo, wakaja na masharti kwamba injini iwe inauzwa kwa wateja wa kawaida, ndiyo sababu mwaka 1966 Chrysler wakatoa Hemi ya barabarani. Kwa hiyo anayenunua Hemi 'Cuda ananunua injini ya mashindano iliyovalishwa nguo za mtaani. Farasi 425 kwenye mizunguko 5,000, futi-ratili 490 kwenye mizunguko 4,000, kabureta mbili za Carter, moja nyuma ya nyingine.

Jambo ambalo watu hawalitegemei: Hemi ya 1970 ilitumia tapeti za mafuta, zinazojirekebisha zenyewe. Zile za miaka ya nyuma zilikuwa ngumu. Kwa hiyo anayesema LS6 haina usumbufu na Hemi ndiyo yenye usumbufu, kwa upande wa tapeti kageuza mambo. Usumbufu wa Hemi uko kwenye kabureta. Kuzifanya mbili zipumue pamoja kunataka sikio na subira, na ukitembeza gari polepole mjini siku nzima, plagi zinajaa masizi.


#3 Mdau wa Muscat

Sheikh, salaam aleikum. Uzi mzuri, Mungu akubariki. Mimi niko Muscat, na huku magari ya Kimarekani yanapendwa sana, vijana kwa wazee. Nina neno moja. Umesema 450 dhidi ya 425. Basi si mambo yamekwisha? Yenye namba kubwa ndiyo yenye mbio. Au pana siri?


#4 Mwanzisha uzi

Waaleikum salaam sheikh. Siri ipo, tena kubwa.

Farasi za enzi ile zilipimwa injini ikiwa juu ya stendi, bila kichujio cha hewa, bila feni, bila mfumo wa moshi wa gari lenyewe. Kuanzia 1972 viwanda vya Marekani vikahamia kupima injini ikiwa na mizigo yake yote. Ukitaka kuona tofauti, chukua hiyohiyo Chevelle: mwaka 1971 LS5 ilitangazwa farasi 365, mwaka 1972 ikatangazwa 270. Injini ni ileile kwa sehemu kubwa, kilichobadilika ni mizani.

Halafu kuna suala la bima. Kampuni za bima zilikuwa zimeanza kuwabana vijana wenye magari yenye farasi nyingi, na viwanda vikawa na sababu ya kuandika namba ndogo. Mafundi wengi wanaamini ile 425 ya Hemi iliandikwa kwa kuibania, na mimi niliyeisikia ikivuta kwenye mizunguko ya juu nakubaliana nao. Namba hiyo haikubadilika tangu 1966 hadi 1971, wakati ndani ya injini vitu vilikuwa vikibadilika.

Barabarani hali ilikuwaje? Magazeti ya magari ya wakati ule yalizijaribu zote mbili kwenye robo maili, na zote zilipita kwenye sekunde 13 na kitu pale dereva alipokuwa mzuri na gari limefungwa vizuri. Kuna majaribio yaliyotoa 14 kwa Hemi, kwa sababu ya dereva, difu (gia za ekseli ya nyuma) na joto la siku ile. Ukiniuliza nani mshindi, nitakwambia mshindi ni anayejua kuondoka. Tairi zenyewe zilikuwa nyembamba kwa mzigo ule. Chevelle ilikuja na tairi za rimu 14, 'Cuda ya Hemi na pana zaidi za rimu 15, na bado ukikanyaga vibaya unabaki palepale unachoma mpira.

Tofauti halisi iko kwenye jinsi nguvu inavyokuja. LS6 inakupa kutoka chini. Uko gia ya tatu, mwendo wa taratibu, unagusa mafuta, na gari linakusukuma mgongo bila kungoja. Hemi inataka upande nayo. Chini ni tulivu kidogo, halafu kabureta ya mbele inapofunguka, sauti inabadilika, na kuanzia mizunguko elfu nne kwenda juu huwezi tena kuizungumzia kwa upole. Kwa njia ya mashindano Hemi ina kifua kirefu zaidi. Kwa taa hadi taa kwenye Woodward Avenue, barabara kuu ya Detroit, LS6 haina haja ya kujieleza.


#5 Mdau wa Nairobi

Boss, asante kwa darasa. Kwa upande wa kushika barabara je? Maana mbio bila kona ni kazi nusu.


#6 Mwanzisha uzi

Kwa kona hakuna hata moja niliyo tayari kuitetea sana, ila zinatofautiana.

Chevelle bodi yake imekalia fremu, kama pikapu, na ina springi za koili pande zote nne. Ndefu kidogo, inchi 112 kati ya ekseli. Inatulia, inabeba watu nyuma, buti kubwa. Mzee mwenye hii ya kwetu anasema alimchukua mkewe hospitali na mtoto wao wa pili ndani yake, nami namwamini. SS ilikuja na breki za diski mbele ndani ya kifurushi chake, jambo la maana sana kwa gari la uzito unaokaribia kilo 1,800.

'Cuda haina fremu ya kujitegemea, bodi yenyewe ndiyo mifupa. Inchi 108 kati ya ekseli, pana, imelala chini. Mbele ina tosheni baa (nondo inayojipinda badala ya springi), nyuma springi za mabamba, na kwa magari ya Hemi upande wa kulia zilipangwa tofauti na kushoto ili ekseli isijipinde unapokanyaga. Wazo zuri kwa kwenda moja kwa moja. Lakini ile injini ya chuma kitupu iko juu ya magurudumu ya mbele, na kwenye kona unaisikia ikitaka kwenda inakotaka yenyewe. Viti vya nyuma vinatosha mkoba tu.

Boneti zao pia zinaonyesha tabia. Chevelle ina mlango mdogo nyuma ya boneti, karibu na kioo. Ukikanyaga, mlango unafunguka wenyewe na kuvuta hewa ya baridi iliyojikusanya chini ya kioo. 'Cuda ina tundu kubwa katikati ya boneti, na kinachotokeza hapo si urembo, kimefungwa kwenye injini yenyewe. Injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta, kinatikisika mbele ya macho yako. Leo asubuhi tuliiwasha, na funguo zilizokuwa juu ya benchi zikaanza kutembea.


#7 Mdau wa Columbus, Ohio

Ndugu, mimi nimetoka Bukavu, sasa niko Ohio. Niko upande wa Hemi na sitabadilika. Chevelle ni gari nzuri, lakini walitengeneza nyingi mno. Ukienda maonyesho yoyote ya majira ya joto huku utakuta Chevelle kumi zimeandikwa SS 454. Hemi 'Cuda hutaikuta hata moja. Gari la kuweka ni lile ambalo jirani hana.


#8 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Bukavu, hapo umesema kweli tupu, na ngoja nikuongezee silaha.

Mwaka 1970 LS6 zilitoka 4,475, ukijumlisha na zile za El Camino, pikapu ya ukoo wa Chevelle. Hemi 'Cuda za paa gumu mwaka huohuo zilikuwa 652 tu: 368 za otomatiki na 284 za gia ya mkono. Za paa la kukunja zilikuwa 14. Mwaka 1971, ambao ndio wa mwisho wa Hemi, zile za paa la kukunja zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ni 7, na kati ya hizo zenye gia ya mkono ni mbili. Moja ya hizo mbili iliuzwa na kampuni ya mnada ya Mecum huko Seattle Juni 2014 kwa dola milioni 3.5.

Lakini jiulize kwa nini zilikuwa chache. Hakuna aliyeamua pale Plymouth kwamba watengeneze chache ili wajukuu watajirike. Zilikuwa chache kwa sababu watu hawakuzitaka. Hemi peke yake ilikuwa nyongeza ya dola 871, juu ya gari lenyewe la dola elfu tatu na ushei. Kijana wa kiwanda, akipiga hesabu ya mkopo, halafu anaongeza bima ambayo kwa mwezi inakaribia malipo ya gari lenyewe, anaona bora achukue 'Cuda yenye injini ya 340 au 383 na maisha yaendelee. Muuzaji mwenyewe mara nyingi alimshauri hivyo. Gari lililokataliwa dukani ndilo leo linalolindwa na walinzi mnadani.

LS6 ilikuwa nafuu zaidi kuingia nayo, na Chevrolet walikuwa na wauzaji kila mji. Ndiyo maana zilinunuliwa, na kwa sababu zilinunuliwa zikaendeshwa, zikapigwa mashindano, zikang'olewa injini, zikagongwa, zikaachwa nyuma ya nyumba zikaliwa na kutu ya chumvi ya barabarani. Usiidanganye nafsi yako kwa ile 4,475. Zilizobaki na injini yake ya kuzaliwa ni sehemu tu ya hizo.

Na zote mbili zilikufa karibu pamoja. Kwa mwaka 1971 General Motors walishusha kompresheni ili injini zao ziweze kunywa petroli yenye madini ya risasi kidogo. LS6 ikatoweka kwenye Chevelle, ikabaki kwenye Corvette chache tu za mwaka huo. Hemi ikaishia 1971. Mafuta yalipokuja kupanda baada ya Oktoba 1973, tayari hakukuwa na kitu cha kuua. Barracuda ya mwisho ilitoka Aprili 1, 1974, miaka kumi kamili tangu ya kwanza.


#9 Mdau wa Nairobi

Sasa hapo kwa "injini ya kuzaliwa". Hapo ndipo penye pesa, ama? Mtu atajuaje? Huku tukinunua gari tunaangalia namba ya chesisi na logbook, basi.


#10 Mwanzisha uzi

Hapo ndipo penyewe. Ninaomba msome taratibu.

Kwa 'Cuda, namba ya chesisi yenyewe inazungumza. Ukiona inaanza na BS23R0B, kila herufi ina maana. B ni Barracuda. S ni daraja la 'Cuda. 23 ni milango miwili ya paa gumu. R ndiyo moyo wa mambo: R ni Hemi. 0 ni mwaka 1970, na B ya mwisho ni kiwanda cha Hamtramck, mji ulio ndani ya Detroit. Injini imo ndani ya namba ya gari. Mtu akitaka kukuuzia 'Cuda yenye Hemi ndani yake, na herufi ya tano ni kitu kingine, basi Hemi ilihamia baadaye, hata kama imefungwa na fundi bora duniani. Kuna pia kibati kidogo chenye namba za mapambo na rangi kwenye bodi ndani ya boneti, na sehemu ya namba ya gari imegongwa kwenye injini, kwenye giaboksi na kwenye bati linaloshikilia rejeta.

Kwa Chevelle, namba ya chesisi ni bubu. Itakwambia 13637, yaani Chevrolet, Malibu (daraja la Chevelle) yenye V8, milango miwili. Itakwambia mwaka na kiwanda. Haitakwambia kama ni SS. Haitakwambia kama ni 454. Malibu ya injini ndogo ya 307 na LS6 ya farasi 450 zinaweza kufuatana kwenye mstari wa kiwanda zikiwa na namba zinazofanana isipokuwa tarakimu ya mwisho.

Sasa fikiria. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili leo ni nyumba. Na kila kitu kinachoonekana kwa macho, beji, mistari ya boneti, dashibodi yenye geji za duara, grili nyeusi, vyote vinauzwa vipya kwa katalogi. Ndiyo sababu Chevelle kumi za ndugu yetu wa Ohio zimeandikwa SS 454.

Miaka mitatu iliyopita alikuja mteja amenunua moja kwa njia ya simu kutoka jimbo lingine. Nyekundu, inang'aa, sauti safi. Alikuwa ameuza shamba dogo la baba yake kuipata. Tulipotoa zulia tukakuta bomba la petroli ni lile jembamba la injini ndogo. Difu haikuwa ile ya bolti 12 ya SS 454. Tukasafisha sehemu ya injini ambapo namba hugongwa, mbele pale bloku inapokutana na hedi. Kiwandani uso ule ulikatwa na mashine inayoacha mistari myembamba sambamba. Uso wa ile ulikuwa laini kama kioo: mtu ameusaga na kugonga namba zake. Yule bwana alikaa kwenye kiti cha ofisini kwa karibu saa nzima hasemi. Mimi ndiye niliyempelekea kahawa, na sikuwa na neno la kumpa. Tangu siku hiyo, anayeniuliza kuhusu Chevelle simjibu chochote kabla sijamwambia habari ya karatasi.

Chevrolet wa Marekani hawakutunza kumbukumbu za gari moja moja za wakati ule. Magari yaliyouzwa Kanada yana bahati, kule kumbukumbu zilitunzwa na unaweza kuziomba. Kwa mengine, tegemeo kubwa ni karatasi ya kiwandani, ile iliyofuata gari kwenye mstari ikiwaambia wafanyakazi wafunge nini. Wafanyakazi wakimaliza nayo waliichomeka popote: juu ya tangi la mafuta, kati ya tangi na bodi, au ndani ya springi za kiti cha nyuma. Kuna magari yana miaka hamsini na tano na karatasi bado imo humo, mwenye gari hajui.

Na hata ukiipata, isome namba iliyo juu yake. Ilitokea mara nyingi mfanyakazi kuchomeka karatasi ya gari lililotangulia.


#11 Mdau wa Muscat

Sheikh, hii ya karatasi imenisisimua. Na huyo mzee wenu wa 1974, ana karatasi?


#12 Mwanzisha uzi

Hana. Ndiyo sababu gari liko kwenye lifti.

Mzee anasema ni LS6 tangu alipoinunua. Hajawahi kuiuza, hajawahi kuitangaza, hakuna aliyekuwa na sababu ya kumdanganya mwaka 1974, maana wakati ule lilikuwa gari kuukuu linalokunywa mafuta kuliko maelezo. Mistari ya mashine kwenye bloku ipo. Herufi za injini ziko sawa, namba ya gari kwenye bloku iko sawa. Lakini watoto wake wanamwambia lazima awe na ushahidi wa maandishi kabla hajaandika wosia. Alhamisi tunashusha tangi.


#13 Mdau wa Columbus, Ohio

Tuambie bei basi wakati tunangoja Alhamisi. Mtu akiwa na pesa yake, aiweke wapi?


#14 Mwanzisha uzi

LS6 halisi ya paa gumu, yenye karatasi na injini ya kuzaliwa, mara nyingi inavuka dola laki moja. Hemi 'Cuda ya hali ileile inaanzia mara mbili au tatu ya hapo, na zile za paa la kukunja ziko dunia yake peke yake.

Ila asikudanganye mtu kwamba bei inapanda tu. Mwaka 2006 pale Scottsdale, Arizona, LS6 ya paa la kukunja yenye historia ya mashindano ilivuka dola milioni moja kwenye mnada wa Barrett-Jackson. Watu wakakopa, wakanunua kila kitu chenye beji. Ilipofika 2008 na uchumi ukaanguka, waliokopa wakauza kwa kulia. Magari bora yalirudi taratibu, yale ya katikati yalichukua miaka mingi.

Kitu kingine ninachokiona kwa macho yangu hapa gereji: mtu hununua gari alilolitamani akiwa na miaka kumi na saba. Waliokuwa na umri huo 1970 sasa wamepita sabini. Kila mwezi tunapokea gari kutoka kwa wajane na watoto wanaotaka kuuza. Kwa Hemi 'Cuda sina wasiwasi, ni chache kiasi kwamba watapatikana wanunuzi hata wakiwa kumi dunia nzima. Kwa LS6 nzuri ya karatasi pia nina imani. Kwa Chevelle ya beji za katalogi, inunue kwa kuipenda na kuiendesha, si kwa kuweka akiba.

Kwa vipuri, Chevelle imeshinda bila mjadala. Karibu kila bati, kila raba, kila bolti inatengenezwa upya, na injini za ukoo wake bado zina mafundi kila mtaa. Za 'Cuda zinapatikana pia, lakini vitu vya Hemi asilia, kama kabureta zenye namba sahihi, bei yake inakufanya usome risiti mara mbili. Na jina la Plymouth lenyewe lilifungwa 2001.

Mdau wa Nairobi uliyeniandikia pembeni kuhusu kuleta nyumbani: usukani uko kushoto na umri ni zaidi ya nusu karne. Kabla hujatuma hata shilingi, pita KEBS (shirika la viwango la Kenya) na KRA (mamlaka ya kodi) upate jibu la maandishi. Na petroli ya kituoni haitatosha kwa kompresheni ile. Hata huku, mwenye LS6 asiyetia petroli ya oktani ya juu, isiyowaka kabla ya wakati, anasikia injini ikigonga.


#15 Mwanzisha uzi

Wakuu, leo Alhamisi. Samahani kwa kuchelewa.

Kabla ya kushusha tangi nilitumwa Hamtramck kuchukua kifaa, nikapita pale palipokuwa na kiwanda cha Dodge Main ambacho 'Cuda hii ilitoka. Kilivunjwa 1981. Mahali pale sasa pana kiwanda cha General Motors, ndugu wa hiyo Chevelle. Wakati napita adhuhuri iliadhiniwa kwa kipaza sauti, kitu ambacho mji ule uliruhusu tangu 2004. Nilisimama pembeni ya barabara hadi ikaisha. Mimi mtu wa Tanga, kiwanda cha Hemi upande mmoja, adhana upande mwingine. Nimeona niwaambie.

Tukashusha tangi saa nane. Karatasi ilikuwepo, imeganda juu yake kama ngozi. Maji yameila, hakusomeki kitu isipokuwa mstari mmoja wa pembeni. Wote tulikaa kimya. Mzee alikuwa amesimama palepale, mikono nyuma.

Tukang'oa kiti cha nyuma. Ndani ya springi, upande wa dereva, imo nyingine. Imekunjwa mara nne, imekauka, rangi ya chai. Niliifungua kwa kibano juu ya kitambaa safi, nusu saa nzima. Namba ya gari ni yake. Injini LS6. Giaboksi M22, ile ya gia nne ambayo gia zake zinasikika zikiunguruma gari likitembea.

Mkusanyaji wa 'Cuda alikuwa amekuja kuangalia gari lake, akaja kusimama nasi. Alimwambia mzee bei hapohapo. Sitaiandika, ila ilikuwa ya heshima.

Mzee alisema yule aliyemuuzia mwaka 1974 alikuwa kijana aliyeshindwa kulipia bima, na alilia alipokabidhi funguo. Akauliza kama tangi linaweza kurudi mahali pake kabla ya Jumamosi, kwa sababu Woodward Dream Cruise, msafara wa magari ya zamani kwenye Woodward Avenue, ni wikiendi hii na hajaikosa tangu ilipoanza 1995.

Limerudi. Nimefunga bolti za mwisho mwenyewe saa moja usiku.